Naomba ushauri: je, utafiti wa maoni unaweza kumwangusha mgombea kabla ya siku ya kupiga kura?

Mtafuta_Njia: Habari zenu, wakuu. Nina jambo linaloninyima usingizi. Uchaguzi umekaribia, na kuna utafiti wa maoni unaoonyesha kwamba mgombea mmoja amewaacha wenzake mbali sana. Nahofia kwamba watakaousoma watakata tamaa na mgombea wanayempenda, au watamkimbilia anayeongoza kwa sababu tu anaongoza. Je, takwimu za namna hii hubadilisha kweli mawazo ya mpiga kura, au hueleza tu yale aliyokwisha kuyaamua? Naomba majibu kabla ya kesho.

Mzee_wa_Foleni: Hubadilisha, mwanangu, nami ni shahidi. Uchaguzi mmoja nilikuwa na mgombea wangu, mtu makini asiye na makelele, lakini kila taarifa ya habari ilianza na wale wawili waliokuwa mbele, nani kapanda na nani kashuka, naye akitajwa mwishoni kana kwamba aliwekwa kujaza orodha. Sikumsikia akiulizwa habari za maji wala shule hata mara moja. Nilipofika kituoni nilimpigia mmoja wa wale wawili ili kura yangu isipotee, na baada ya matokeo nikakutana na majirani waliofanya vivyo hivyo, ilhali sote tulimtaka yule yule. Mpigie unayemwamini.

Karani_wa_Takwimu: Kabla ya kuuliza kama utafiti unashawishi, tuulize ulifanywaje. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa vya wenye nacho, na waliojitaabisha kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyehoji watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa uangalifu, alimtaja mshindi kwa usahihi. Sampuli, yaani kundi la wanaohojiwa kwa niaba ya wote, ikiwa ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu huwa na kiwango cha makosa cha takribani asilimia 3 juu au chini, lakini sampuli iliyopinda haiponi kwa kuongezewa watu. Huo wako uliwahoji nani, na nani aliulipia?

Mtafuta_Njia: Ahsante, ndugu, ingawa sidhani kwamba hicho ndicho kiini cha swali langu. Mimi nauliza athari yake kwa msomaji.

Mama_Subira: Athari ipo, na wataalamu wameiandika. Maxwell McCombs na Donald Shaw, watafiti wa vyombo vya habari wa Marekani, katika makala yao ya mwaka 1972, walionyesha kwamba mambo yanayopewa nafasi kubwa katika habari ndiyo ambayo wapiga kura huyataja kuwa mazito. Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa maoni wa Ujerumani, naye alieleza mwaka 1974 kwamba mtu akidhani maoni yake ni ya wachache hunyamaza, na kunyamaza kwake huwafanya wengine wadhani kwamba ni wachache kweli. Kwa hiyo mwenye kalamu amebeba dhamana kubwa. Lakini, mwanangu, mbona umesema «watakaousoma»? Utafiti huu haujatoka. Wewe umeuonaje?

Mtafuta_Njia: Basi niseme. Mimi ni mhariri wa habari katika gazeti. Utafiti umelipiwa na kampeni ya huyo huyo anayeongoza, na ukurasa wa kwanza umekwisha kupangwa, kichwa cha habari kikisema kwamba zaidi ya nusu ya wananchi wanamtaka. Naomba msinihukumu haraka. Takwimu hazikutungwa, watu walihojiwa kweli. Tusipochapisha sisi, wengine watachapisha, na aliyelipa tumemtaja katika aya ya mwisho. Kazi ya gazeti ni kuripoti.

Mama_Subira: Mwaka 1948 gazeti la Marekani la Chicago Daily Tribune nalo liliripoti, likachapa kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais, na asubuhi mshindi akawa Truman. Watafiti walikuwa wameacha kuhoji mapema, wakiamini kwamba wapiga kura wamekwisha kuamua.

Jicho_la_Mwewe: Mimi siuamini uzi huu. Akaunti ni mpya, gazeti halina jina, na mhariri mwenye wenzake ofisini anakuja kuuliza wageni usiku wa kuamkia kuchapisha. Kwangu hii inafanana na kazi ya kampeni pinzani inayotaka kuuchafua utafiti kabla haujatoka, ili tuusambaze uvumi huu sisi wenyewe. Kama unasema kweli, tuandikie swali waliloulizwa wahojiwa, neno kwa neno.

Mzee_wa_Foleni: Hata kama amelitunga, mkasa wenyewe hutokea. Mwacheni ajibu.

Mtafuta_Njia: Wenzangu ofisini ndio walioupanga ukurasa, ndiyo maana nimekuja kwenu. Swali ni hili: «Kwa maoni yako, ni mgombea yupi atakayeshinda uchaguzi huu?»

Jicho_la_Mwewe: Bado sijui wewe ni nani, lakini swali hilo halilingani na kichwa chenu cha habari.

Karani_wa_Takwimu: Halilingani hata kidogo. Wahojiwa waliombwa kutabiri, hawakuombwa kuchagua. Mtu anaweza kumchukia mgombea na bado akasema atashinda, hasa ikiwa amesikia kila siku kwamba anaongoza. Mkiandika «wanamtaka», mtakuwa mmechukua mwangwi wa habari zenu wenyewe na kumrudishia msomaji kama matakwa yake.

Mtafuta_Njia: Ukurasa haujaenda mtamboni. Ningeandikaje?

Karani_wa_Takwimu: Andika hivi: «Katika utafiti uliolipiwa na kampeni ya mgombea huyu, zaidi ya nusu ya wahojiwa walisema wanatarajia kwamba atashinda, hawakuulizwa wao wenyewe watampigia nani.» Kichwa cha habari kiseme hayo hayo kwa ufupi, na sentensi hiyo iwe aya ya kwanza, kwa kuwa wengi hawafiki ya mwisho. Mkubwa wako akikataa, mwombe akuonyeshe ni neno gani ndani yake si la kweli.