Chozi hatulii hata sekunde mbili: nawapigaje picha ndege na wanyama wadogo?

Mpiga Picha wa Asubuhi
Wakuu, habari zenu. Hii ni wiki ya tatu namfuata chozi mmoja dume, yule ndege mdogo anayekunywa nekta ya maua, mwenye koo linalong'aa kijani jua likimpiga, na hadi leo sina picha yake ya kumwonyesha mtu. Anakuja kwenye maua asubuhi, ananing'inia kwenye kikonyo, anatumbukiza mdomo, na kabla sijabonyeza ameshahamia ua jingine. Namfuata huko, anarudi huku.

Jana nilipiga picha 240. Nilipozikagua kwenye kompyuta, 11 tu zina ndege anayeeleweka, na katika hizo ni mbili ambazo jicho limetoka safi. Zilizobaki ni matawi matupu au mkia unaotoka nje ya picha.

Natumia lenzi ya 400mm, tundu la lenzi f/5.6, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/500, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 400, nimeshika kwa mkono. Kile kitulizaji cha kwenye lenzi nimekiwasha. Kuchakuro naye ni hivyo hivyo: akikimbia shinani napata mkia tu. Tatizo ni vifaa, mpangilio, au mkono wangu?

Kerengende
Mkuu, 1/500 ni polepole mno. Kitulizaji kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Piga hesabu: ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde, shata ikiwa wazi kwa 1/500 ameshasogea sentimita 2. Kwa chozi hiyo ni karibu nusu ya mdomo na kichwa pamoja. Panda hadi 1/2000, na kwa mbayuwayu 1/3200. ISO iache ipande hadi 1600 au 3200 bila woga. Chenga, vile vidoadoa vya ISO kubwa, zinapunguzwa baadaye kwenye programu, lakini picha iliyotikisika ndiyo imeshaharibika. Fokasi iweke ile ya kuendelea, inayomfuata ndege anavyosogea, iliyoandikwa AF-C au Servo.

Mama Mbayuwayu
Mwanangu, Kerengende kasema kweli kuhusu shata, msikilize. Ila kuna neno umelirudia: namfuata. Hapo ndipo unapompoteza. Jicho likiona ndege karuka, kidole kinachelewa karibu robo ya sekunde. Robo hiyo inamtosha kwenda mita 2. Huwezi kumshinda kwa mbio, na mimi niliijaribu njia hiyo miaka miwili mizima kabla sijaiacha.

Kesho kamera iache ndani. Nenda na daftari, kaa mahali pamoja, uandike anatua wapi kila akija. Chozi niliyempiga mimi alikuwa na kijiti chake kikavu, chembamba kama kalamu, pembeni mwa maua. Kila akimaliza kunywa alitua hapo akafuta mdomo, upande huu kisha upande ule, kama mtu anayenoa kisu. Halafu anatikisa manyoya yote mpaka anaonekana duara. Shughuli yote sekunde mbili, tatu hivi. Lakini aliifanyia kwenye kijiti kile kile, asubuhi baada ya asubuhi, wakati mimi nilikuwa nimeelekeza lenzi kwenye maua!

Ukishakijua kijiti, weka kamera kwenye stendi, fokasi ikae juu ya kijiti, nawe utulie. Na fokasi hiyo uiweke kwa makini, kwa sababu kwa 400mm na f/5.6 ukiwa umbali wa mita 5, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 5 tu, mbele hadi nyuma. Mdomo unaweza kuwa mkali na mkia usiwe. Hiyo haina neno, jicho ndilo lisikosewe.

Kuruka nako kuna dalili. Anajibana manyoya, anainama, mara nyingi anatoa kinyesi, kisha anaondoka akielekea upepo unakotoka. Anza kubonyeza akiinama. Ukisubiri mabawa yafunguke umechelewa.

Na lile koo la kijani: si rangi ya kupakwa ile, ni umbo la manyoya linavyorudisha mwanga. Akigeuka kidogo tu linakuwa jeusi ti. Kaa jua likiwa mgongoni kwako, na usifute picha aliyogeuza shingo mpaka umeikuza.

Kerengende
Nyongeza: kama kamera yako ina shata ya kielektroniki, ijaribu kwanza kabla ya kuiamini kwa ndege anayeruka. Kwenye kamera nyingi sensa, yaani kile kipokea mwanga, inasomwa mstari baada ya mstari, kwa hiyo bawa linasogea kabla halijasomwa lote, nalo linatoka limepinda. Ndege aliyetua hana shida hiyo. Kuchakuro mpige ukiwa umelala chini, lenzi usawa wa jicho lake. Akishtuka huganda shinani kidogo kabla ya kukimbia. Nafasi yako ndiyo hiyo.

Mpiga Picha wa Asubuhi
Nimerudi, wakuu. Mama, asante sana, kijiti kipo! Siku mbili za daftari: alitua hapo mara 14. Ni ncha ya tawi lililokatika, ipo kushoto kabisa, nilikuwa naipa mgongo. Leo nimepiga picha 37 kwa 1/2000 na ISO 1600, na tisa zina jicho safi. Ninayoipenda kuliko zote amelaza mdomo kwenye kijiti, na kwenye paji la uso ana vumbi la njano la chavua. Kwa macho matupu sikuwahi kuliona vumbi hilo.

Swali moja limebaki. Asubuhi hii alikuja jike, amebeba utando wa buibui mdomoni, akapotelea kwenye kichaka cha nyuma. Nisogee huko nikatafute pembe nzuri?

Mama Mbayuwayu
Hongera mwanangu, hiyo ya chavua nimeifurahia kama yangu. Huko nyuma usiende. Utando ule ni wa kufungia kiota, na jike akisumbuliwa wakati anajenga anaweza kukiacha kabisa. Usitafute kilipo, usipogoe tawi hata moja kwa ajili ya picha. Baki kwenye kijiti chako, tena rudi nyuma mita 3. Ukimwona anakuja na utando, anasita, anazunguka bila kuingia kichakani, ujue wewe ndiye unayemzuia. Chukua stendi yako uondoke polepole.

Mpiga Picha wa Asubuhi
Nimeelewa, mama. Stendi nimeshaihamisha.