Sarafu tatu za bibi: ya 1780, ya faru na ya Uhuru. Zina thamani gani?

BintiPangani
Shikamooni wakubwa. Bibi mzaa mama alituacha mwezi uliopita. Kwenye kasha lake la khanga tumekuta kikebe chenye sarafu tatu. Moja ni kubwa, ina mama mnene mwenye shela, nyuma tai wa vichwa viwili, mwaka 1780. Imelehemiwa kipete juu, maana bibi aliivaa kidanini siku za harusi. Ya pili ni shilingi 50 ya 1974: upande mmoja Mwalimu, mwingine faru, inang'aa kama kioo. Ya tatu ni shilingi 20 ya 1981, ya miaka 20 ya Uhuru. Sonara mmoja mjini kataka zote kwa elfu themanini, wala hakupima. Mjomba anasema ya 1780 peke yake haishuki milioni kumi. Nimsikilize nani?

SonaraMstaafu_Unguja
Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usimsikilize hata mmoja.

Huyo mama ni Maria Theresa wa Austria, na 1780 ndio mwaka aliokufa. Waarabu na Wahabeshi walikuwa wameshamzoea, sarafu yenye sura nyingine hawaitaki. Basi Vienna ikaendelea kuipiga na mwaka uleule, baadaye na Rome, London, mpaka Bombay. Wazee wetu huku wakiiita reale ya Shamu. Kwa hiyo yako yaweza kuwa imepigwa juzi tu, enzi za babu yako.

Itazame ukingoni. Maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yawe yametokeza, uyasikie kwa ukucha. Nimeletewa nyingi za kumimina kwenye kalibu, ukingo wake una mshono. Uzito wa halali ni gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha; yaani fedha safi gramu 23.4. Chukua bei ya aunzi ya fedha ya siku hiyo, gawanya kwa 31.1, maana ndizo gramu za aunzi moja, zidisha kwa 23.4. Hiyo ndiyo bei ya chini. Kwa mkusanyaji lehemu imeshaiharibu, lakini kipete usikibandue, utaacha kovu baya zaidi. Na anayenunua fedha bila mizani, muage kwa heri.

Mkusanyaji_Moro
Mimi naongezea za Tanzania. Ya faru ilitoka kwenye seti ya hifadhi ya wanyama ya 1974, pamoja na twiga ya shilingi 25 na duma ya dhahabu ya 1500. Zilikuwepo za aina mbili. Ya kioo, tunayoita prufu, ina gramu 35 hivi na ni fedha 925. Ishike ukingoni tu, na tafadhali sana, majivu na ndimu viache jikoni! Niliwahi kusugua yangu kwa dawa ya meno, mpaka leo ikinitazama naona aibu.

Ya 1981 usiwe na matumaini makubwa. Zilizopita mikononi mwa watu ni shaba na nikeli. Za fedha walitengenezewa wakusanyaji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Uzito wake mkavu ugawanye kwa namba iliyoongezeka. Ukipata kama 10.3 ni fedha, 8.9 ni nikeli na shaba.

BintiPangani
Ahsanteni mno. Nimeazima mizani ya jirani anayeoka keki. Ya 1780 pamoja na kipete ni gramu 29.2, na maneno ya ukingoni yapo, mengine yamelika. Faru 35 kamili. Ya Uhuru imetoa 8.9, nimeipima mara tatu nikidhani nimekosea.

Mjomba amenuna. Ya faru natafuta mnunuzi, atakayekuja na mizani yake. Ya bibi haiuzwi, mdogo wangu anaolewa Mfungo Mosi na keshaiomba.