Dume asiye na pembe: kupima vinasaba, kungoja ndama au kuchoma tu?

Mfugaji wa Handeni: Wadau, nina ng'ombe majike 40 chotara wa Boran, wote wana pembe. Nimepata dume chotara wa Angus asiye na pembe. Nimpime vinasaba kwanza, nisubiri ndama wake, au ninunue na kuchoma vichipukizi vya pembe vya ndama?

Pongwe_Malisho: Kabla ya kutoa hela ya kipimo, uliza mama wa hilo dume. Akiwa na pembe, jibu umeshalipata: dume ni Pp (ana nakala moja ya kinasaba cha kutokuwa na pembe, P, na moja ya kuwa na pembe, p), karibu nusu ya ndama wako wataota pembe. Kipimo kina maana pale wazazi wote wawili hawana pembe, maana hapo anaweza kuwa PP (nakala zote mbili za kutokuwa na pembe), na PP kwa jike mwenye pembe hutoa ndama wote Pp.

Bwana Mifugo: Naunga mkono. Kungoja ndama nako kuna hesabu yake: ndama mmoja mwenye pembe kutoka kwa jike mwenye pembe anatosha kuonyesha kwamba dume si PP. Ila hata dume Pp ana nafasi 1 kati ya 32 ya kutoa ndama 5 mfululizo wasio na pembe. Ujauzito wenyewe miezi 9!

Sampuli: ng'oa nywele 30 hadi 50 za ncha ya mkia, zitoke na mizizi. Ukikata kwa mkasi umetupa hela, vinasaba viko kwenye mzizi. Weka kwenye bahasha ya karatasi, andika namba ya hereni. Mfuko wa plastiki kwa unyevu wa Tanga huotesha ukungu. Kama dume alizaliwa pacha, usipeleke damu. Mapacha huchanganya damu tumboni, majibu yakapotosha.

Mama Boran: Ulizeni pia maabara inasoma aina gani ya kinasaba cha kutokuwa na pembe. Angus na Hereford wana aina ya Celtic, Holstein mara nyingi ya Friesian. Kipimo kinachosoma moja kitaikosa nyingine. Na kwa damu ya Zebu, madume Pp huweza kuota vipembe legelege visivyoshikana na fuvu. Si kosa la maabara.

Pongwe_Malisho: Kuchoma usikuache, hao nusu wenye pembe utawafanyaje? Chuma cha moto kabla ya wiki 8, kichipukizi hakijashikana na fuvu, na ganzi lazima. Dawa ya kupaka ya kuua kichipukizi ni ya siku za mwanzo tu. Masika mvua huiteremsha machoni.

Mfugaji wa Handeni: Mama yake ana pembe. Basi kipimo naacha, naulizia mbegu za dume PP za uhimilishaji (kupandikiza mbegu bila dume).