Tupeane uzoefu: Linux gani nyepesi imefufua laptopu yako ya zamani?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Tangu Windows 10 iachwe bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi nzima zimeishia kabatini. Windows 11 inazikataa, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni. Linux, mfumo endeshi wa bure, inaweza kuziokoa. Inaniuma kuona mashine yenye kibodi nzima na skrini safi ikiitwa takataka. Tuambiane: ulikuwa na mashine gani, uliweka nini, ulikwama wapi. Naomba usitaje jina la distro (aina ya Linux) peke yake. Taja na RAM, na kama diski ni ya kuzunguka au SSD (ya chipu, isiyozunguka, yenye kasi), maana bila hayo anayesoma hawezi kujipima.

Naanza mimi. Core 2 Duo, RAM GB 2, diski ya kuzunguka. Niliweka Linux Mint ya Cinnamon (ndiyo mazingira yake, yaani mwonekano wa skrini na menyu) kwa sababu kila niliyemuuliza aliisifia. Ikawaka vizuri, inapendeza macho. Nikafungua Firefox, kurasa tatu tu, taa ya diski ikaanza kuwaka mfululizo na mshale ukaganda. Niliposubiri ikanipa nafasi, nikaandika `free -h` kwenye terminali: RAM imejaa, swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) imeshaliwa zaidi ya GB moja. Maana yake mashine ilikuwa inaifanya diski kuwa RAM, na diski ya kuzunguka haina mbio hizo. Nikafuta, nikapiga Lubuntu. Ikiwa haijafungua kitu, inakula karibu nusu ya ile ya mwanzo. Kivinjari bado ndicho mzigo mkubwa, ila zile kurasa tatu sasa zinafunguka.

Jibu la 1
Asante kwa uzi huu mkuu. Yangu ni kale kadogo ka Atom N270, RAM GB 1. Kabla ya kushusha chochote angalia kwanza prosesa ni ya biti ngapi. Mimi nilishusha faili kubwa usiku kucha, kumbe ni la biti 64 na prosesa yangu ni ya 32, haikuwaka kabisa. Ukiwa na Linux yoyote kwenye flashi andika `lscpu`, mstari unaotaja op-mode utakuonyesha.

Njia ya biti 32 inazidi kuwa nyembamba. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox waliacha kutoa toleo la Linux la biti 32 kuanzia namba 145. Mimi niko kwenye antiX 23, imejengwa juu ya Debian 12. Mazingira yake ni IceWM, hayana urembo, ila haka kamashine kanaandika barua, kanapiga muziki na kusoma PDF bila kugoma. Mitandao ya kijamii nimeiachia simu.

Jibu la 2
Mimi diski ilikufa kabisa, inagonga tu kok kok. Nikaweka Puppy, Linux ndogo, kwenye flashi. Inajipakia yote kwenye RAM, kwa hiyo programu zake zinafunguka upesi hata kwenye mashine ya RAM GB 2 isiyo na diski.

Ila sikilizeni hili. Ukiizima mara ya kwanza inakuuliza kama unataka kuunda faili la kuhifadhia kazi. Mwanangu alikuwa ameandika insha ya kurasa nne, ikatokea hiyo skrini, akachagua kutohifadhi akidhani ni matangazo. Kesho yake tukawasha, hakuna insha. Alilia, na mimi niliumia kwa sababu ni mimi niliyemkabidhi mashine bila kumwelekeza. Jioni hiyo tuliandika upya pamoja, yeye anasema mimi nachapa. Sasa faili la kuhifadhia lipo, na kazi zake anazinakili pia kwenye flashi ya pili.

Jibu la 3
Kadi za WiFi za Broadcom! Ukiona WiFi haionekani baada ya kusakinisha usidhani kadi imekufa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, ndipo ushushe firmware (programu ndogo ya kuendeshea kadi) yake. Nilihangaika siku tatu kabla ya kulijua hilo.

Jibu la 4
Wadau, kwa heshima napishana kidogo na walio juu. Ukiwa na GB 4 huhitaji kujinyima. Niliruka distro tano kutafuta wepesi, na kilichobadilisha mambo si distro hata moja, ni kutoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD. Skrubu chache chini ya laptopu, basi. Kuwaka kulikuwa kunachukua dakika mbili na zaidi, sasa sekunde ishirini na kitu. Juu yake nimeweka MX Linux ya Xfce (mazingira mepesi), na zram kwa `sudo apt install zram-tools`, inabana data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kukimbilia diski.

Mawili mengine yalinisumbua. Kila nikichomoa chaja tarehe inarudi mwaka 2009, na kivinjari kinagomea karibu kila tovuti kikidai si salama. Nililaumu Linux wiki nzima, kumbe ni kile kibetri cha duara kwenye bodi, kimeisha. La pili ni video: feni ikivuma na picha zikikatika, weka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari. YouTube italeta video za muundo wa H.264, ambazo kadi nyingi za zamani zinazimudu, badala ya VP9 inayoisukuma prosesa peke yake.

Jibu la 5
Nina swali wakuu. RAM GB 3, diski ya kuzunguka, biti 64. Naogopa kufuta halafu nijute, kuna picha za familia humo.

Mwanzisha uzi
Usifute chochote bado. Kwanza nakili picha kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zipo. Halafu weka Ventoy kwenye flashi, tupia faili za ISO (faili za kusakinishia) za Lubuntu, MX na Mint ya Xfce zote humo humo, uwashe laptopu kwa moja moja bila kusakinisha. Jaribu WiFi, sauti, mwanga wa skrini, na kufunika kifuniko uone kama inaamka. Kwenye flashi itakuwa nzito kuliko ikisakinishwa, usiihukumu kwa hilo.

Jibu la 5
Nimerudi. Picha ziko salama, nimezihesabu. MX haikuamka nilipofunika kifuniko, Mint ya Xfce imeamka mara zote nne. Naisakinisha leo usiku, na SSD nitaitafuta baadaye.