4294967297 ni namba tasa?

Muuza vipuri: Wakuu, nipo dukani Ngamiani, Tanga, umeme umekatika tangu asubuhi. Kalkuleta yangu ya tarakimu nane haiimezi hii namba, nagawa kwa mkono nyuma ya risiti. Namba tasa zote hadi 97, inabakiza tu. Ndiyo tasa?

Mwl. wa jioni: Umeacha mapema, mkuu. Jaribu 641.

Muuza vipuri: Lahaula! 6700417, haibakizi kitu. Umeitoa wapi?

Mwl. wa jioni: Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat alidhani ni tasa. Mwanahisabati mwingine, Euler, akaivunja mwaka 1732. Kila kigawo chake tasa ni 64 mara namba nzima fulani, ukiongeza 1, kwa hiyo unajaribu zilizo tasa tu kati ya hizo: 193, 257, 449, 577, halafu 641.

Muuza vipuri: Tano tu? Nimemaliza kitabu cha risiti!