Ushauri wa haraka: bango la "Hatari!" au bunda la mabango ya Kihindi?

Mkusanyaji_Upanga
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, muuzaji ananisubiri mpaka Jumamosi. Kuna mzee hapa Upanga anahamia kwa wanawe nje ya nchi, anauza vitu vya marehemu baba yake aliyefanya kazi kwenye majumba ya sinema hapa mjini. Ana bango la filamu ya Hatari!, ile ya John Wayne, analitaka laki tisa. Ana pia bunda la mabango ya filamu za Kihindi, lote laki tisa hiyohiyo. Hela yangu inatosha kimoja. Halafu kuna jamaa wa Marekani anauza Hatari! mtandaoni, bei yake iko chini kidogo kabla ya usafiri. Mngekuwa nyie mngechukua lipi?

Chox_wa_Zamani
Mkuu, hapo hujatupa kitu cha kufanyia kazi. Vipimo? Limekunjwa au limeviringishwa? Limesimama au limelala? Pale chini kabisa pameandikwa nini? Na hilo bunda lina filamu zipi? Piga picha, mbele na nyuma.

Temeke_77
Chukua Hatari!, usijiulize mara mbili. Filamu ile imepigwa kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru, ikatoka 1962, nchi haina hata mwaka vizuri tangu Uhuru. Hardy Krüger, yule Mjerumani aliyeigiza humo, alipapenda mpaka akanunua shamba hukohuko. Jina lenyewe la filamu ni Kiswahili. Hilo ni bango la nyumbani, mkuu.

Binti_Kisutu
Kaka Temeke, mapenzi ni kitu kimoja na uadimu ni kingine. Hatari! ni filamu ya Paramount, kampuni kubwa ya Marekani. Mabango yake yalichapwa kwa wingi na hadi leo yanapita minadani Ulaya na Marekani mara kwa mara. Ukilikosa hili utapata jingine. Mabango ya Kihindi yaliyoletwa Dar yalikuwa karatasi nyepesi, yakabandikwa ukutani kwa gundi ya unga, mvua ikanyesha, la wiki iliyofuata likabandikwa juu yake. Yaliyobaki kwenye stoo ndiyo hayo tu. Mimi nachukua bunda nikiwa nimefumba macho.

Karatasi_na_Wino
Msifumbe macho, jamani. Kabla ya kusema lipi lina thamani, tujue kwanza ni karatasi gani. Mkuu Mkusanyaji, nenda na futi ya fundi cherehani.

Bango la Kimarekani la miaka ile limesimama, inchi 27 kwa 41. Likiwa 27 kwa 40, hicho ni kipimo cha kuanzia miaka ya 1980. Likiwa 24 kwa 36, hilo ni la kupamba chumba, lilichapwa liuzwe dukani. La Kiingereza limelala, inchi 40 kwa 30, na mara nyingi lina jina la mpiga chapa wa Uingereza pembeni chini. Mabango ya Kimarekani ya tangu 1940 mpaka katikati ya miaka ya 1980 mengi yalipitia kampuni moja ya usambazaji, National Screen Service, nayo iliyapa namba kwenye ukingo wa chini: mwaka, mkwaju, halafu namba ya filamu. Ukiona herufi R mbele ya mwaka, lilichapwa filamu iliporudishwa sinema baadaye, na bei inashuka. Yaliyotengenezewa nchi za nje mara nyingi hayana namba hiyo, kwa hiyo kuikosa peke yake si ushahidi wa ufeki.

Pili, mikunjo. Mabango ya wakati huo yalisafirishwa yamekunjwa. Ukiona mstari wa mkunjo, upitishie kidole. Kuna kopi ambazo zilipigwa picha kutoka bango la kweli, mikunjo inaonekana kwa macho lakini karatasi ni laini tupu. Soma pia majina madogo ya chini. Kwenye kopi herufi hizo huvimba au hufifia.

Tatu, chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, Kariakoo zimejaa. Zima taa ya chumba, mulika ukingo mweupe. Karatasi za kisasa nyingi zina dawa ya weupe, zinang'aa bluu kali. Karatasi ya zamani kwa kawaida inabaki imefifia.

Mkusanyaji_Upanga
Asante sana mkuu, hii nimeihifadhi. Nimempigia mzee. Anasema limelala, limekunjwa, na chini lina maneno "Printed in England". Sehemu ya chini pia limebandikwa kikaratasi cha njano chenye jina la jumba la sinema la hapa Dar na saa za kuonyesha. Nyuma kuna maandishi ya kalamu na muhuri. Bunda lina Mother India, Sholay na mengine ambayo hayajui. Hakuhesabu. Picha hajui kutuma.

Chox_wa_Zamani
Hapo sasa unaongea. La Kiingereza, na inaingia akilini, filamu nyingi zilifika kwetu kwa njia ya Waingereza. Lile la Marekani usilinunue kwa picha ya simu tu. Mwambie muuzaji akupe vipimo na picha ya ukingo wa chini. Akisuasua, achana naye. Piga na hesabu ya usafiri na ushuru, "nafuu kidogo" yake itakuwa imeisha.

Mlinzi_wa_Fremu
Kabla hujalipa popote, fikiria fundi wa fremu. Hili limenitokea na bado linaniuma.

Nilikuwa na bango la kung fu la miaka ya sabini, nililipata kwa urithi wa mjomba, limekunjwa mara nne, kona moja imeliwa kidogo, rangi zake bado ziko hai. Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina simtaji. Nikamwambia kwa mdomo na kwa karatasi: usikate, usigundishe, weka kioo kwa mbele na ubao nyuma. Akaitikia kila kitu. Niliporudi nikakuta amekata ukingo mweupe pande zote nne, maana fremu aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo. Jina la mpiga chapa likaenda na vile vipande. Halafu, "ili lisiharibike," akalipiga laminesheni ya moto. Plastiki imeshikana na wino. Nimewauliza watu wawili wanaojua kuhuisha karatasi, wote wamesema kuibandua ni kubandua na picha. Nikamuuliza fundi vipande viko wapi. Ametupa. Alidai hela yake yote na alishangaa kwa nini sijafurahi.

Kwa hiyo, hapa hapa mjini, simama pale pale wakati kazi inafanyika. Lisiguse kioo, pawe na nafasi katikati. Seloteipu isisogee karibu, gundi yake inageuka kahawia na kula karatasi. Kama bango limechoka sana, wataalamu hulibandika kwenye karatasi nyembamba ya Kijapani na turubai kwa gundi ya wanga, ambayo kesho ikihitajika inatoka kwa maji. Kitu chochote kisichotoka baadaye, kataa.

Temeke_77
Pole sana ndugu yangu. Na huu unyevu wetu je? Mimi nakaa karibu na bahari, hata vitabu vinaota ukungu.

Mlinzi_wa_Fremu
Usitundike ukuta wa nje wala unaopigwa na jua. Ambayo hayajatundikwa yalaze flati kwenye droo, katikati ya karatasi zisizo na asidi, uyafungue mara kwa mara kuangalia wadudu. Chini ya kitanda sakafuni, hapana, mchwa watakutangulia.

Binti_Kisutu
Narudi kwenye kile kikaratasi cha njano. Mkuu, usikibandue!

Karatasi_na_Wino
Dada, kwa soko la nje kikaratasi na muhuri ni dosari. Mnunuzi wa London anataka picha safi. Kama mkuu ana mpango wa kuuza siku moja, fundi mzuri anaweza kukitoa kwa unyevu.

Binti_Kisutu
Na London wanazo safi ngapi? Nyingi. Zenye jina la jumba la Dar na saa za kuonyesha wanazo ngapi? Kaka, kile kikaratasi ndicho kinachosema bango hili lilitundikwa mji huu, watu wa mji huu wakalisoma wakakata tiketi. Ukikitoa unabaki na bango lilelile wanalouza kila mnada. Sisi wakusanyaji wa hapa tukiendelea kupanga bei kwa macho ya mtu wa nje, vitu vyetu vyote vitasafishwa mpaka visijulikane vilitoka wapi.

Mwana_wa_Amana
Naungana na dada. Maandishi ya nyuma yasome vizuri, pengine ni tarehe na majumba lilikopita. Mkuu, ni jumba lipi hilo? Avalon? Empire? Hujasema.

Karatasi_na_Wino
Sikatai, dada. Nasema tu ajue anachopoteza kwa upande mmoja. Na kwenye bunda aangalie zaidi. Mother India ni ya 1957 lakini ilirudishwa sinema mara nyingi, na mabango ya Kihindi mara nyingi hayaandikwi mwaka wa kuchapwa. Kopi za mitaani zinazouzwa Chor Bazaar kule Mumbai ziko nyingi mno, na Sholay ndiyo kipenzi chao. Humo kunaweza kuwa na la dhahabu na kunaweza kuwa na makopi matupu.

Kijana_Sinza
Wakuu, nimesoma mahali bango la Metropolis ya 1927 liliuzwa dola 690,000 mwaka 2005, na la Dracula ya 1931 zaidi ya dola laki tano mwaka 2017. Hili la Hatari! haliwezi kupanda hivyo?

Chox_wa_Zamani
Haliwezi, mdogo wangu. Hayo yaliyobaki duniani yanahesabika kwa vidole. Usipange bei kwa rekodi za dunia, tafuta bango lilelile, nchi ileile, hali ileile, uone liliuzwa ngapi kwa kweli. Bei ambayo mtu ameiweka mtandaoni na hakuna aliyelipa si bei.

Kijana_Sinza
Nimekuelewa kaka. Mimi nakusanya mabango ya Bongo Movie ya enzi za Kanumba, yale ya madukani. Watu wanayatupa.

Mwana_wa_Amana
Endelea hivyohivyo, usisikilize anayekucheka. Mimi natafuta bango la filamu ya Arusi ya Mariamu, 1985. Likitokea hapa mjini, hata Hatari! naiweka pembeni.

Temeke_77
Mnakumbuka Drive-in ya Msasani, ile sinema ya wazi ya kutazama ukiwa ndani ya gari? Pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Mabango yao yaliishia wapi?

Mwana_wa_Amana
Mzee wangu alitupeleka kwa gari la kuazima. Hakuna anayejua yalikokwenda, na hilo ndilo linalonikera. Stoo za Empress, Odeon, Cameo, kote huko palikuwa na makaratasi.

Mkusanyaji_Upanga
Wakuu, nashukuru wote. Jumamosi naenda na futi na taa ya noti. Jumba bado sijalijua, mzee haoni vizuri maandishi madogo. Moyo unavutwa na lile lenye kikaratasi, lakini bunda nalo sijalifungua hata mara moja, nitayapitia moja moja. Bado sijaamua.

Binti_Kisutu
Usilichukue bunda bila kulifungua lote, na usilikatae bila kulifungua lote.

Chox_wa_Zamani
Na mabango mengine asiyoyajua mzee, piga picha uweke hapa kabla hujalipa. Ukiamua kuchukua Hatari!, nitumie namba ya simu ya mzee pembeni, nataka kuzungumza naye kuhusu bunda siku hiyohiyo.

Binti_Kisutu
Kaka Chox, mimi nilisema kwanza.