Mrejesho: injini ya pikapu iliyopinduka Mambrui imewaka

Ndugu zangu, niliuliza kama naweza kupiga stata pikapu yangu ya dizeli iliyolala matairi juu karibu na Mambrui. Mlionizuia, Mungu awalipe kheri! Fundi hapa Malindi alifungua hita plagi zote (plagi za kupasha silinda moto), akazungusha injini kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki. Oili iliyoingia gari lilipopinduka ikaruka kutoka silinda mbili. Oili haibanwi, tofauti na hewa. Kwa hiyo stata ingeweza kupinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Kisha akasafisha bomba la hewa na kubadilisha filta iliyolowa, maana injini ya dizeli ikivuta oili hujiendesha yenyewe kwa kasi hata ukizima swichi. Akatia oili mpya, akatoa upepo kwenye laini ya dizeli, ikawaka. Moshi mzito ulitoka, baadaye ukaisha. Sasa natafuta kioo cha mbele.